Fundi Sumaku na Matairi ya Mama Mkwe

Ukitaka kumuona Fundi Sumaku kwenye raha zake, muulize gari la miguu minne linajuaje saa ya kuvuta kwa miguu yote. Muulize tu, halafu tafuta pa kukaa, maana hutoki leo. Ataweka spana chini, atafuta mikono kwenye ovaroli ambayo ni chafu kuliko mikono yenyewe, ataanza:

"Sikiliza. Gari kama hili siku zote linavutwa na miguu ya mbele. Ya nyuma inafuata tu, kama wageni kwenye msafara. Sasa huku nyuma, kabla hujafika kwenye difu inayogawa nguvu kwa miguu ya nyuma, kuna kidude cha duara, ukubwa wa sufuria ya watu watatu. Hiyo ndiyo klachi yenyewe. Ndani kuna sahani nyembamba za chuma zimepangwa, zinaogelea kwenye oili, hazisumbuani. Pembeni kuna koili ya waya. Kompyuta ya gari ikisikia miguu ya mbele inazunguka haraka kuliko ya nyuma, inasema, ahaa, huko mbele kunateleza! Inapeleka umeme kwenye koili. Koili inageuka sumaku. Sumaku inabana sahani. Sahani zikibanana, nguvu inapita mpaka nyuma. Umeme kidogo, inabana kidogo. Umeme mwingi, inabana kufa mtu. Ni kama mama na mtoto wake barabarani. Njia ikiwa nyeupe anamshika mkono legelege, wakifika pa kuvuka anamshika mpaka mtoto analia."

Hapo ananyamaza kidogo ili umsifie. Usipomsifia, anarudia kuanzia kwenye msafara.

Na kweli anajua, tusimnyime haki yake. Amejifunza kwa kuunguza koili za watu, na kwa kuangalia video kwenye simu usiku na mchana, nyingine kwa lugha ambazo hajui hata salamu zake. Koili ni koili, anasema. Meza yake pale gereji imejaa nyaya za shaba, sahani zilizoungua, na kikombe cha bati kilichojaa bolti ambacho siku moja alikinywea chai bila kuangalia. Jirani yake wa meza ni mzee mmoja fundi wa giaboksi, anaitwa Gia, mdomo wake hauna breki.

"Sumaku," Gia humwambia, "wewe ukiacha kueleza, magari ya mji huu yote yatapona."

Sasa shida ya Fundi Sumaku haikuwa magari. Shida yake ilikuwa ukwe.

Mama mkwe wake anaitwa Mama Godoro. Ana duka la magodoro, na mtu asiyemfahamu anaweza kudhani jina limetokana na ulaini. Thubutu! Ulaini wote anauuza dukani, nyumbani harudi nao hata kidogo. Mteja akisita, Mama Godoro anajirusha mwenyewe juu ya godoro, mzima mzima, na viatu vyake, halafu anainuka anamwangalia mteja kama vile anamdai. Mteja analipa.

Mbele ya huyu mama, Fundi Sumaku mwenye maneno kama redio anageuka bubu. Akiingia, anasimama. Akisema, anamwangalia kidevu, macho hayapandi zaidi ya hapo. Kumbishia ndio kabisa, hajawahi. Mwaka ule wa kuoa, Mama Godoro alimtambulisha kwa ndugu wote kuwa ni fundi wa friji. Sijui alilitoa wapi. Mtu mwingine angesema, "Hapana mama, mimi ni wa magari." Yeye alisema, "Ndiyo, mama." Ikabidi aende kwa shangazi mmoja wa mke wake kutengeneza friji kweli, akakaa nalo siku nzima na simu mkononi, jasho linamtoka, mpaka likaganda. Tangu hapo ndugu wa mke wanamletea mafriji.

Heshima hiyo, jamani, itamfukia mtu.

Nyumba ya Mama Godoro iko bondeni, na kutoka bondeni mpaka kwenye lami kuna mlima wa udongo mwekundu. Jua likiwaka ni barabara. Mvua ikinyesha ni sabuni. Hakuna teksi inayoshuka huko ikinyesha, hata umwite dereva mjomba. Ndiyo maana Mama Godoro alinunua gari la miguu minne, na ndiyo maana binti yake alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, alitoa amri: "Mwanangu anakuja kukaa kwangu nimuangalie. Siku ikifika, gari langu litampeleka hospitali." Fundi Sumaku akasema ndiyo mama, akabeba begi la mke wake na lake, wakahamia bondeni.

Yote yalikuwa yanaenda vizuri mpaka siku Mama Godoro alipoingia gereji anapiga honi kama ameshinda uchaguzi.

"Mkwe! Njoo uone!"

Fundi Sumaku akatoka chini ya gari la watu. Gia naye akatoka, maana hapendi kupitwa. Na kweli kulikuwa na cha kuona. Mbele, gari lilikuwa na matairi yake yale yale, vipara, yamelika mpaka yanang'aa. Nyuma lilikuwa na matairi mawili mapya, manene, marefu, yamesimamisha makalio ya gari juu juu, na pembeni yameandikwa kwa herufi nyeupe kubwa ambazo ungeweza kuzisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mbona nyuma tu, mama?" Gia akauliza.

"Ya mbele nani ayaone?" Mama Godoro akamjibu. "Mimi nikishampita mtu, nataka abaki nyuma anasoma."

Halafu akamgeukia mkwe wake. "Eti mkwe, si yanafaa?"

Kichwani mwa Fundi Sumaku kila kitu kilionekana kama kwenye video. Tairi kubwa linazunguka pole pole, dogo linazunguka haraka, hata mtoto anajua. Kwa hiyo kompyuta itasikia miguu ya mbele inakimbia kuliko ya nyuma, kutwa nzima, kwenye lami kavu kabisa. Itasema, huku mbele kunateleza! Itapeleka umeme. Sumaku itabana. Sahani zitasuguana mpaka zichemke. Gari la watu litaishi maisha yake yote likidhani liko kwenye matope, na siku litakapoingia matope ya kweli litakuwa halina nguvu tena.

Akafungua mdomo aseme hayo yote.

"Yamekupendeza sana, mama," mdomo ukasema.

Gia akarudi ndani anacheka mpaka anakohoa.

Basi. Haikupita wiki, taa ikawaka kwenye dashibodi. Fundi Sumaku akaingia chini, akakuta kidude kina joto la kukaangia yai. Ukweli ulikuwa unamwangalia kwa ukubwa wote, una herufi nyeupe. Akatoka, akajifuta, akasema, "Ni oili, mama. Imechoka."

Akabadilisha oili. Taa ikazima, kisha ikawaka tena.

"Ni koili, mama."

Akasuka koili upya kwa mkono wake, kazi safi ya kupigia picha, waya umelala kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Taa ikazima, ikawaka.

"Ni soketi, mama. Imeingia vumbi."

"Mkwe," Mama Godoro akamwambia, akimwangalia juu mpaka chini, "kila mtu na kipaji chake. Kwenye friji hatukulaumu."

Hiyo ilimuingia. Jioni, chumbani, akamweleza mke wake habari yote, kwa sauti ya chini maana ukuta wa pili ni chumba cha mama.

"Sasa si umwambie?" mke wake akasema. Alikuwa amejilaza upande, mito mitatu imemzunguka, mtoto anampiga mateke.

"Nitamwambiaje? Nilishamwambia yamempendeza."

"Mwambie yamependeza na hayafai."

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Ndio maana namuogopa! Wewe umemjua juzi, mimi nimezaliwa naye." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Baba kijacho, nisikilize. Mvua zinaanza. Mimi sipandi ule mlima kwa miguu na uchungu. Ukishindwa kusema kwa ajili yako, sema kwa ajili yetu."

Akaahidi. Na kweli akajaribu, ila alijaribu kama watu wa siku hizi tunavyojaribu: kwenye simu. Akaandika ujumbe mrefu, kama ule unaotumiwa na usiyemjua. JE, WAJUA? Matairi yasiyolingana ukubwa mbele na nyuma huunguza klachi ya gari la miguu minne! Tahadhari! Mtumie na mwenzako! Akauweka kwenye kundi la familia, halafu akakaa anaangalia skrini.

Mama Godoro akajibu kwa ujumbe wa sauti, wote wasikie: "Asante mkwe kwa elimu. Watu wengi hawajui hili. Watu wanaharibu magari yao kwa ujinga tu. Waambieni jamani."

Shangazi wa friji akaweka mikono ya kupiga makofi.

Siku yenyewe ilikuja mchana, mawingu yameshuka mpaka kwenye nyaya za umeme. Honi ya Mama Godoro ikalia gereji, anatoka dukani, binti kampigia simu.

"Panda! Imeanza!"

Fundi Sumaku hakuuliza nini imeanza. Akaruka ndani na ovaroli yake, mkononi ana spana amesahau kuiacha. Mvua nayo ikafungulia, matone mazito ya kuumiza. Mama Godoro akashika lami, na jamani, yule mama akishika lami! Alikuwa anapita magari moja baada ya jingine, anapiga honi, na hata siku kama hiyo, mwanawe yuko kwenye uchungu, bado alikuwa anatupia jicho kwenye kioo kuangalia kama aliyepitwa anasoma.

Fundi Sumaku yeye alikuwa ananusa. Harufu ile anaijua hata akiwa usingizini: oili inayoungua. Kwenye dashibodi taa ikaanza kupepesa.

"Mama..." akasema.

"Nini?"

Akaangalia kidevu.

"Mvua, mama."

"Naiona!"

Wakashuka bondeni wanateleza kama wako kwenye sinia. Mke wake alikuwa mlangoni, kashika fremu kwa mikono miwili, begi miguuni. Wakamuingiza kiti cha nyuma. Mama Godoro akageuza gari, akakanyaga mafuta, wakaanza mlima.

Walifika kama nusu. Halafu miguu ya mbele ikaanza kuimba. Inazunguka, inarusha matope hadi kwenye kioo, gari halisogei hata unyayo. Na ya nyuma, ile minene, mirefu, ya kusomwa, imetulia tuli kama imealikwa kuja kutazama. Klachi ilikuwa imechemka kwenye lami, kompyuta ikaikatia umeme isije ikayeyuka.

"Miguu minne gani hii?" Mama Godoro akapiga usukani. "Mkwe! Umeifanya nini hiyo sumaku yako?"

Fundi Sumaku akaangalia kidevu.

"Mwambie!" sauti ikatoka nyuma.

"Aniambie nini?"

"Mwambie... aaaah!" Uchungu ukapita, wote wawili mbele wakashika dashibodi kama ni wao. Ulipopungua, mke wake akainuka, akamshika mumewe kola ya ovaroli kutoka nyuma. "Ukinyamaza tena, mtoto huyu nitamzaa hapa hapa, na jina lake nitamwita Matope! Na akikua akiuliza kwa nini, nitamwambia baba yako alikuwa na adabu!"

Basi ndipo Fundi Sumaku akapandisha macho. Akapita kidevu, akapita pua, akafika kwenye macho ya mama mkwe wake, mara ya kwanza tangu aoe. Akagundua kwamba ana macho ya kawaida tu, ya mtu aliyeogopa.

"Mama, ni matairi yako," akasema. "Ya nyuma makubwa, ya mbele madogo. Gari linadhani linateleza kila siku, sumaku inabana kila siku, inaungua. Haikuwa oili. Haikuwa koili, koili yangu haina kosa. Wala soketi. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Na mimi si fundi wa friji, mama. Sijawahi kuwa! Lile friji la shangazi liliganda kwa bahati!"

Mvua ikapiga bati la gari.

"Kwa hiyo ulinidanganya," Mama Godoro akasema taratibu.

"Nilikuheshimu, mama."

"Na heshima yako ndiyo imetufikisha hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na ule ujumbe wa je wajua, kumbe ulikuwa wa kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimewatumia watu wangapi!" Akafumba macho, akayafumbua. Mama Godoro ana mengi, lakini wa kupoteza muda siye. "Haya. Tunatokaje?"

Na hapo, jamani, Fundi Sumaku akawa Fundi Sumaku. Wakaliachia gari lirudi chini kinyumenyume, pole pole, mpaka getini, penye sakafu ya saruji. Hapo jeki inasimama. Akaeleza huku anafungua nati: tutachukua moja kubwa la nyuma tulipeleke mbele, dogo la mbele lirudi nyuma, upande huu mmoja tu. Kwa hiyo mbele kutakuwa na kubwa na dogo, nyuma kubwa na dogo. Ukichanganya, mbele na nyuma wako sawa. Kompyuta haitasikia ugomvi. Na tukiwa tunabadilisha, kidude kinapoa.

"Usieleze!" mke wake akapiga kelele ndani ya gari. "Fungua!"

Jeki ni moja, kwa hiyo tairi la akiba likashikilia nafasi huku mengine yanahamishwa. Mama Godoro alianza kwa kushika mwavuli. Alipoona mambo hayaendi, akautupa, akapandisha nguo magotini, akaviringisha lile tairi lake nene kwa mikono yake miwili mpaka mbele, herufi nyeupe zinajaa matope moja baada ya nyingine. Nati ya mwisho ilipokazwa, akaenda mlango wa abiria.

"Endesha wewe," akasema.

Fundi Sumaku akashika usukani. Gari lilikaa vibaya, linacheza kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na usukani ulikuwa unavuta upande. Akawasha. Taa ikawaka, wote watatu wakaiangalia, ikazima. Akaanza mlima kwa gia ya chini, bila haraka, mguu wake kwenye mafuta mwepesi kama anakanyaga godoro la mteja. Miguu ya mbele ikateleza. Sekunde moja. Halafu nyuma kukasikika mguno mdogo, mzito, na gari zima likasukumwa na kitu kutoka chini.

"Umesikia?" akasema, hakuweza kujizuia. "Hiyo ndiyo sumaku ina..."

"Barabara!" mama na binti wakasema pamoja.

Wakapanda. Gari lilikuwa linayumba makalio kama bata, linaguna, linarusha tope kila upande, lakini lilipanda, mpaka matairi yakagusa lami.

Hospitali waliingia wakiwa wamefanana na udongo. Muuguzi wa mapokezi alimwangalia Fundi Sumaku na spana yake, akamwangalia Mama Godoro, akauliza mgonjwa ni yupi. Mke wake akapelekwa ndani. Mlango ukafungwa.

Wakabaki kwenye benchi la korido, mama na mkwe, wanadondosha matope sakafuni. Fundi Sumaku alikuwa hajawahi kukaa benchi moja naye. Mara ya kwanza mlango ulipofunguka ilikuwa mtu wa kufagia, na wote walisimama. Mara ya pili ilikuwa muuguzi anatabasamu: mtoto wa kike, mzima, mama yake mzima, anaomba chakula.

Fundi Sumaku akalia. Alilia vizuri tu, kwa sauti, akajifuta kwa ovaroli, akajipaka grisi uso mzima. Mama Godoro hakulia. Alitoa simu, akatuma sauti kwenye kundi la familia: mtoto wa kike, tumshukuru Mungu, na jina lake ni la marehemu bibi yangu mzaa baba, nimeshaamua. Halafu akaweka simu mfukoni, akamgeukia.

"Mkwe. Kuanzia leo uniambie ukweli. Sitaki tena ndiyo mama, ndiyo mama. Umenisikia?"

"Ndi... nimesikia, mama."

"Kila kitu."

"Kila kitu?"

"Anza sasa hivi."

Fundi Sumaku akafikiri. "Breki za mbele zimekwisha, mama."

"Sawa. Utabadilisha."

"Na zimekwisha kwa sababu unakanyaga breki na mafuta kwa wakati mmoja."

Mama Godoro akakwangua tope gotini. "Endelea."

"Na kwenye lami unapita watu vibaya, mama. Leo nilifumba macho mara nyingi. Na ile honi si salamu."

"Endelea," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Na ule mto uliompa mke wangu kutoka dukani ni mgumu, analala kwa kuuogopa. Na lile jina la bibi yako, mama, mimi na mke wangu tulishakaa tukazungumza, na..."

Mama Godoro akainua mkono, kiganja kimejaa matope yaliyokauka.

"Basi," akasema. "Ukweli wa leo umetosha. Huo wa jina utaniambia kesho."

Fundi Sumaku akainamisha kichwa kwa adabu, akavuta pumzi, akainua tena macho.

"Kesho saa ngapi, mama?"